Mrejesho: kile chuma cha nyuma ya stesheni

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kile chuma kinachochomoza kichochoroni nyuma ya stesheni ya Mwanza ni cha nini. Jumamosi nilikwenda na mzee mmoja fundi cherehani, akakipangusa vumbi kwa kandambili yake: ni reli kabisa, mgongo unang'aa pale watu wanapokanyaga. "Hii ilikuwa ya mabehewa ya pamba, yakishuka ziwani," akasema. Nikaifuata hatua 40 hivi, ikazama chini ya ukuta wa mtu. Mliosema ni ya Mjerumani, hapana: yeye alitolewa Mwanza 1916, na reli ya kutoka Tabora ilifika 1928. Kupiga picha sikumaliza. Mama muuza sato alinitimua, akidhani napima kiwanja.