Tupeane uzoefu: trafiki akisema wote mna makosa, eksesi yako (ile sehemu ya hasara unayotoa mfukoni mwako) ulirudishiwa?

MamaJ_Tabata: Wakuu, leo nimepita mataa ya Buguruni nikakuta Noah na Vitz zimebusiana, nikakumbuka yangu. Nilichomekea bila indiketa, daladala naye anakuja mbio nje ya laini yake. Trafiki akachora ramani ya ajali, ripoti ikatoka wote tumechangia, nusu kwa nusu. Nina bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe. Matengenezo milioni 3.2, eksesi asilimia 10, kwa hiyo laki tatu na ishirini nikatoa mwenyewe. Bima yangu ikalipa gereji, kisha ikaenda kuidai bima ya daladala. Miezi minane baadaye napigiwa simu: dada, njoo uchukue 160,000. Nusu tu! Nyie mlipata?

fundi_mchundo: Hata hiyo mshukuru Mungu.

Kobe Mwendapole: Bima wote wezi. Hela yako wanakaa nayo.

asesa_mstaafu: Mkuu, hapo wizi uko wapi? Bima ikishakulipa inavaa viatu vyako kwenda kumdai mwenzako. Kosa lako ni nusu, inavuna nusu ya hasara, na wewe unapata nusu ya eksesi. Hesabu ya darasa la tano.

Kobe Mwendapole: Na nisingepiga simu kila wiki wangenitafuta? Usitufundishe hesabu, tufundishe uungwana.

asesa_mstaafu: Kupiga simu ni sawa. Andika na barua, gonga muhuri wa kupokelewa.

Shemeji_wa_Wote: Yangu ndiyo kiboko. Jumamosi, Mwenge, nimembeba bibi harusi (si wangu jamani, wa bosi). Nageuza pasipogeuzwa, jamaa wa Prado anatoka anachati, puu! Saa tisa na nusu, kanisani saa kumi. Jamaa akatoa laki mbili, tukaandikiana nyuma ya kadi ya mchango: "Tumemalizana, hakuna anayemdai mwenzake." Tukasaini, msimamizi wa harusi shahidi. Jumatatu fundi anafungua boneti: rediata imepasuka, feni imevunjika, milioni 1.9. Bima wakaiona ile kadi. "Kaka, umeshamsamehe, sisi tukamdai nani?" Madai yakafa hapo hapo.

fundi_mchundo: 😂😂 Kadi ilikuwa singo au dabo?

asesa_mstaafu: Ndiyo maana tunasema msiandikiane kitu barabarani. Hata "samahani, kosa langu" usitamke.

Binti Mtegeta: Sasa nimgonge mtu nisiseme samahani? Mimi huwa namaliza palepale, sijawahi kujuta.

Kobe Mwendapole: Kidogo kimalizeni, kikubwa iteni trafiki.

fundi_mchundo: Kidogo utakijuaje kabla sijafungua boneti?

MamaJ_Tabata: Jamani turudi kwenye eksesi, aliyewahi kurudishiwa yote yupo?

Binti Mtegeta: Subiri kwanza. Shemeji, bibi harusi alifika?

Shemeji_wa_Wote: Alifika saa kumi na robo. Kwa bajaji, shela linapepea nje.