Chuo kidogo cha binafsi au Mlimani? Tujadili

Wadau, naombeni mawazo. Mtoto wa dada yangu amechaguliwa kusoma sheria kwenye vyuo viwili vya hapa Dar: Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, cha umma, na chuo kimoja kidogo cha binafsi. Anatakiwa athibitishe kimoja tu, kwa namba ya siri aliyotumiwa kwenye simu, na siku zinakwisha. Mama yake hataki hata kusikia. "Unaiachaje Mlimani ukalipe mamilioni?" Ukoo mzima uko upande wake, eti vyuo binafsi ni vya waliokosa.

Hilo la waliokosa ndilo lililonifanya niandike. Vyuo vyote, vya umma na binafsi, vinasimamiwa na Tume ileile ya Vyuo Vikuu, na mikopo ya Bodi inatolewa pande zote mbili. Tena Mlimani yenyewe ilianza mwaka 1961 ikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Udogo haukuwa aibu.

Mimi nimesoma chuo kikubwa cha umma, sitakitaja. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunafika ukumbini saa kumi na mbili asubuhi kuwekeana viti kwa madaftari, kipindi chenyewe saa mbili. Ukichelewa unakaa kwenye ngazi, daftari gotini, unaandika maneno ambayo nusu yake hujayasikia. Walimu walikuwa wazuri, wengine wazuri mno. Lakini kazi zangu zilirudi na alama tu, 14 kwa 20, basi. Hizo sita zilipotelea wapi, sikuwahi kuambiwa.

Mdogo wangu alisoma sheria chuo binafsi. Semina yao ilikuwa na watu kumi na wawili. Nakumbuka aliporudi nyumbani na kazi iliyojaa wino mwekundu kuanzia aya ya kwanza, ameambiwa aiandike yote upya. Alilia. Leo akijenga hoja kwenye karatasi, mimi sifui dafu.

Na kwa sheria hili ni kubwa, kwa sababu anayetaka uwakili lazima apitie Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, awe ametoka chuo chochote. Mnakumbuka mwaka 2022: waliofanya mtihani 633, waliofaulu bila kurudia 26. Nchi nzima ilishtuka mpaka Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Pale jina la chuo halikujibii swali.

Sasa upande unaoniuma. Mwaka wa pili mdogo wangu alizuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani kwa ajili ya ada. Mzee akauza kiwanja cha Chanika kwa bei ya kutupa ili mtoto afanye mitihani iliyobaki. Tungekuwa tumepiga hesabu mapema, kiwanja kingekuwepo mpaka leo. Mlimani ada ni nafuu, na akibahatika anapata kitanda hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa mwaka 2017 zikiwa na nafasi 3,840. Huko kwingine atapanga chumba uraiani na kugombania daladala. Na mkopo ni deni: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi hadi liishe.

Msimamo wangu: binti huyu ni mkimya, hanyooshi mkono mbele ya watu mia tatu. Kama pesa ya miaka yote inaonekana kwa macho, siyo ya "Mungu atafungua njia", aende chuo kidogo. Kama haionekani, Mlimani, na sisi wajomba na mama wadogo tumtafutie mtu wa kumsomea kazi zake.

Nauliza hasa mliosomesha binafsi kwa mshahara wa kawaida: ada ya mwaka wa pili mliitoa wapi? Na mliosoma sheria Mlimani, kuna mwalimu aliyewahi kukaa na wewe na karatasi yako, mstari kwa mstari?