Nyumba ikijaa wakati wa likizo, baba ndiye anayebaki peke yake

Kitinda Mimba:
Habari za muda huu, na wakubwa wote shikamooni. Naomba ushauri kwa jambo linaloniumiza kila likizo.

Sisi ni ukoo mkubwa. Likizo ikifika tunakusanyika kwa baba: kaka na dada zangu, wake na waume zao, watoto wao, mashangazi, na binamu ambao wengine huja bila taarifa na hupokelewa vilevile. Magodoro hutandikwa hadi koridoni. Naipenda hali hiyo, kwa hiyo naomba mtu asinishauri tupunguze watu.

Shida ni baba. Anazihesabu siku za sisi kufika. Tukifika anakaa sebuleni katikati yetu, kila anayeingia anampa mkono. Lakini nikimtazama vizuri, tukicheka naye anacheka akiwa amechelewa kidogo, kama anayeangalia nyuso zetu kwanza ndipo ajue kuna la kuchekesha. Mjukuu akimuuliza hiki, anajibu kile. Watoto wanacheka, wakubwa wananong'ona kwamba mzee ameanza kusahau. Basi anabeba kiti chake anatoka nje, hadi wakati wa kula. Tukimuuliza anasema anapunga upepo.

Asubuhi na mapema, kabla wengine hawajaamka, nikikaa naye wawili ni baba yule yule. Anataja majina ya majirani wa nyumba tuliyohama nikiwa mdogo, na nani alikuwa mtoto wa nani. Ndiyo maana habari ya kusahau hainiingii akilini.

Nifanyeje ili awe nasi? Mkumbuke mimi ni wa mwisho kuzaliwa. Kuwaambia kaka zangu wazime televisheni si jambo jepesi.

Napima Masikio:
Pole sana. Hapo ulipoeleza habari ya asubuhi ndipo penye jibu. Mtu anayekuelewa vizuri mkiwa wawili mahali patulivu, kisha akapotea watu wakiwa wengi, apimwe masikio kabla ya kuambiwa anasahau.

Usikivu unaopungua kwa umri huanza kupotea kwenye sauti nyembamba. Sauti za s, f, t na sh zinaondoka mapema, huku irabu bado zikisikika. Baba anasikia kwamba mnaongea, maneno yenyewe ndiyo yanayomponyoka: "saa" na "taa" kwake huenda zikawa kitu kimoja. Weka na televisheni, vyombo vinavyogongana, watoto wanaokimbia, watu wanne wanaosema kwa mpigo. Hata kijana mwenye masikio mazima hutumia nguvu hapo.

Kumpigia kelele hakumsaidii, maneno yanazidi kuvurugika na yeye anajiona anagombezwa. Msogelee, umwite kwanza, auone uso wako, na mwanga ukupige wewe usoni, usitoke nyuma yako. Kisha sema kwa sauti ya kawaida, bila haraka. Asipoelewa, usilirudie neno lile lile, liseme kwa namna nyingine. Na kiti chake kihamie kwenye kona, mgongo ukutani, kelele zisimjie kutoka nyuma. Hapo katikati ya sebule mnapomweka kwa heshima ndipo pabaya kuliko pote.

Akaangaliwe pia. Wakati mwingine ni nta tu imeziba, na mtaalamu anaitoa. Msiichokonoe wenyewe kwa vijiti vya pamba, vinaisukuma ndani zaidi. Sikio likiacha kusikia ghafla, ndani ya saa au siku chache, hiyo ni dharura, msisubiri likizo iishe. Wala baba yako hayuko peke yake: kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu mkubwa wa kusikia.

Bibi wa Wengi:
Marahaba mwanangu. Mimi hali ya baba yako naijua, maana ndiyo yangu, na sasa navaa kifaa sikioni.

Kinachochosha ni kukisia. Kutwa nzima unaokota vipande vya maneno na kuviunga, ikifika jioni kichwa kinagonga. Ndipo mtu anapobeba kiti akatoka. Hata kifaa chenyewe kinakuza kila kitu, kijiko kikianguka nakisikia kuliko mjukuu aliye mbele yangu.

Usimfuate nje ili umrudishe ndani. Toka na kiti chako ukae naye. Wapeleke wajukuu mmoja mmoja au wawili, wakiwa na jambo la kufanya. Wangu huniletea picha za zamani, nami ndiye ninayejua huyu ni nani na yule aliolewa wapi. Hapo hawana budi kunitazama usoni, na mimi nawasikia.

Na mkicheka, mwambieni kilichowachekesha. Kuambiwa "achana nalo, si la maana" kunauma kuliko huo uziwi.

Mtoto wa Kwanza:
Nazungumza kama kaka mkubwa. Usiwaseme kaka zako mbele ya wake na watoto wao, watakukatalia hata kama una haki. Mpigie simu kabla ya likizo yule ambaye wengine humsikiliza, au pitia kwa shangazi. Dada yake baba akisema televisheni izimwe, nani atabisha?

Ila habari ya kumpeleka kupimwa, aulizwe yeye kwanza, faraghani. Msimgeuze mzee kuwa ajenda ya kikao cha ukoo naye amekaa hapo hapo hasikii.

Kitinda Mimba:
Asanteni mno, nimesoma huku machozi yananilenga. Nimempigia shangazi. Anasema hata yeye ameona, ila alidhani ni majonzi ya kumpoteza mama. Habari ya televisheni amesema nimwachie yeye. La kupimwa nitaongea na baba mwenyewe, asubuhi.

Napima Masikio, moja tu: tunakula kwenye meza ndefu, na baba hukaa mwisho wake, pale ni pake tangu zamani. Tumwache hapo?

Napima Masikio:
Pale anawapata wawili tu wa karibu. Afadhali akae katikati ya upande mmoja, mgongo ukutani, na mbele yake wakae wale anaowaelewa kwa urahisi. Kama sikio moja ni zima kuliko jingine, ligeukie upande wenye watu wengi. Akikataa kuhama, msimlazimishe. Wasogezeni karibu naye wanaotamka vizuri, wabadilishane kila mlo, na watoto wenye kelele wakae ule mwisho mwingine.