Naomba ushauri: Mama yangu Mkristo amepooza, naambiwa dini hainiruhusu kumlea nyumbani kwangu

BintiWaKibosho

Assalaam alaykum ndugu zangu Waislamu, Tumsifu Yesu Kristo kwa Wakatoliki wenzake mama yangu, na wengine wote habari za muda huu.

Mimi ni mzaliwa wa Kibosho, Moshi, nina miaka 34. Nilisilimu miaka sita iliyopita na sasa naishi Tanga na mume wangu na watoto wawili. Sikusilimu kwa ajili ya ndoa. Nilikuwa Mwislamu mwaka mzima kabla sijamjua huyu bwana, naomba hilo lieleweke maana najua swali litakuja.

Mwezi uliopita mama alipata kiharusi. Upande wa kulia wote hauna nguvu na maneno yanatoka kwa tabu. Baba alishafariki. Kaka zangu wapo wawili, mmoja yuko Mwanza, mwingine yuko palepale kihambani, kwenye shamba la ukoo, lakini yeye na mkewe wanashinda dukani, hakuna wa kukaa na mgonjwa mchana kutwa. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi nyumbani. Mume wangu ndiye aliyetangulia kusema tumlete mama, chumba cha uani kipo.

Nimekwama pande mbili. Mama mwenyewe hataki kuja. Aliniambia kwenye simu, neno moja moja, kwamba sisi tunawaita wao makafiri, kwamba akija kwangu atakufa bila padre na tutamzika Kiislamu mbali na kaburi la baba. Najua ni kaka yangu aliyemjaza hayo. Yeye anaamini kabisa kuwa mtu akisilimu anafundishwa kuwahesabu wazazi wake kama maadui.

Halafu kwenye darsa la akina mama ninalohudhuria, dada mmoja ninayemheshimu alinivuta pembeni akaniambia nisithubutu. Eti rozari na picha ya Bikira Maria vikiingia ndani malaika wa rehema wanatoka. Eti Qur'an imekataza kufanya urafiki na Manasara, yaani Wakristo. Eti hata nikimhudumia nimkunjie uso ili ajue siridhiki na dini yake. Nilirudi nyumbani nikalia na sijamwambia mume wangu mpaka leo.

Naomba mnisaidie. Nimlete? Akiomba kupelekwa kanisani nimpeleke? Na wanajumuiya, yaani Wakatoliki jirani wanaosali pamoja majumbani, wakitaka kuja kusali naye hapa nyumbani nifanyeje? Mungu akimchukua, naruhusiwa kusimama kwenye maziko ya mama yangu? Wenye elimu tafadhali, na hata msio Waislamu nipeni mawazo.

Abu_Salma

Wa alaykum salaam. Dada, pole kwa ugonjwa wa mama. Ila ukweli usemwe hata ukiwa mchungu. Al-Maida aya ya 51 inakataza kuwafanya Mayahudi na Manasara kuwa awliyaa, yaani marafiki wa kuwategemea. Na katika kitabu cha hadithi cha Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) amesema tusianze kuwatolea salamu. Sasa wewe unataka kufungua nyumba ya Kiislamu isomwe rozari ndani? Mtumie pesa hukohuko Moshi, awekewe msichana wa kazi, utakuwa umetimiza haki yake. Usiwachanganye watoto.

Nesi_Bombo

Wataalamu wa dini watakuja, mimi niseme la hospitali. Mgonjwa wa kiharusi anayelala muda wote ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo anapata vidonda vya mgongoni na nyongani vinavyoweza hata kuua. Alishwe akiwa ameketi, uji usimwingie kwenye njia ya hewa. Dawa ya presha haikatishwi hata siku anayojisikia vizuri. Mazoezi ya mkono na mguu yaanze mapema. Msichana wa kazi anayelipwa kwa mwezi hawezi kuamka saa nane usiku kila siku kumgeuza mama wa mtu mwingine. Mwanawe anaweza. Kabla ya safari mpate ruhusa ya daktari aliyemtibu.

MkatolikiWaSame

Binti, pole sana. Naomba niulize kwa heshima, maana na mimi nina binamu aliyesilimu. Huku kwetu tunaambiwa hayohayo anayosema kaka yako, na huyo ndugu hapo juu amesema karibu vilevile. Sasa sisi tuamini nini? Mama akija hapo, hatalazimishwa kutamka shahada akiwa hajiwezi?

MzeeWaChumbageni

Mwanangu BintiWaKibosho, kaa chini usome taratibu. Nimefundisha chuoni zaidi ya miaka thelathini na swali hili limenijia mara nyingi, na kila mara limeletwa na mtu anayelia.

Kisa chako kimeshatokea. Baada ya mkataba wa amani wa Hudaybiya kati ya Waislamu na watu wa Makka, mwaka wa 6 Hijria, mama yake Asmaa binti Abubakar, sahaba wa Mtume, alitoka Makka akaja Madina kumwona binti yake. Yule mama alikuwa mshirikina, wala hakuwa wa Ahlul Kitab, yaani Wakristo na Mayahudi, kama mama yako. Asmaa akamuuliza Mtume, mama yangu amekuja ana haja nami, je, nimuunge? Akaambiwa muunge mama yako. Hiyo imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Riwaya ya Imam Ahmad inaongeza kwamba mama alikuja na zawadi, samli ikiwemo, na Asmaa alikataa kuzipokea wala kumwingiza nyumbani mpaka ameuliza. Jawabu likawa apokee zawadi na amwingize nyumbani. Soma tena hapo, mwanangu. Amwingize nyumbani. Na inasimuliwa kuwa hapo ndipo iliposhuka aya ya 8 ya Al-Mumtahina, kwamba Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu.

La kumkunjia uso mama sijui limetoka wapi. Aya ya 15 ya Luqman inahusishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas, ambaye mama yake aliapa hatakula wala kunywa mpaka mwanawe aiache dini. Mama anapigana na dini yako waziwazi, na bado unaambiwa usimtii katika shirki lakini ukae naye duniani kwa wema. Wako hajakwambia uache kuswali. Ameogopa tu kufa peke yake.

Sasa kwako Abu_Salma, mwanangu. Awliyaa katika aya ile ni watu unaojiunga nao na kuwategemea dhidi ya umma wako, na maneno yale yalishuka wakati Madina imezungukwa na vita. Ukisema maana yake ni kutompenda wala kumtunza, rudi nyuma aya 46 katika sura hiyohiyo. Aya ya 5 inamhalalishia Mwislamu kuoa mwanamke wa Ahlul Kitab na kula chakula chao. Wale watoto watakaozaliwa, mama yao atakuwa nani kwao? Wamtumie pesa kwa mbali?

Na hadithi ya salamu ni sahihi, siikatai. Wanazuoni wameizungumza kwa marefu, na zipo riwaya zinazoonyesha kuwa Mtume aliyasema hayo akiwa njiani kuwaendea Mayahudi katika hali ya uhasama. Nabii Ibrahim alimwambia baba yake mwabudu masanamu "salamun alayka", imo katika Sura Maryam aya ya 47. Isitoshe sisi Waswahili tumejaaliwa shikamoo. Mtoto wa Tanga atakayempita bibi yake kitandani bila shikamoo tutasema kakosa adabu, hatutasema kashika dini.

Kuhusu kulea, sisi pwani ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii. Fungua Minhaj, kitabu cha sheria cha Imam Nawawi, mlango wa nafaqa (matunzo) ya jamaa, utakuta kumtunza mzazi mhitaji ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo hata dini zikitofautiana. Dada wa darsa anakukataza jambo ambalo ni deni shingoni mwako.

Mkatoliki wa Same, umeuliza vizuri. "Hakuna kulazimisha katika dini", Al-Baqara 256. Katika sababu zinazotajwa za kushuka kwake ni Ansari mmoja, Mwislamu mwenyeji wa Madina, aliyetaka kuwashurutisha wanawe wawili waliobaki katika Ukristo, akazuiwa. Shahada ya mtu aliyebanwa kitandani haina thamani yoyote kwetu. Na yule mama aondoe hofu ya maziko. Hata tungetaka, hatuna ruhusa ya kumswalia janaza asiye Mwislamu. Atazikwa na watu wake, kwa taratibu zake, kwao.

Nawe binti utakuwepo. Abu Talib, ami yake Mtume ambaye hakusilimu, alipofariki, Mtume alimwambia Ali aende akamzike baba yake. Na jeneza la Myahudi lilipopita Mtume akasimama, akaambiwa huyo ni Myahudi, akajibu, kwani si nafsi? Ibada ya misa usishiriki, ila kulia, kuhudumia wageni na kusimama kaburini ni haki yako.

SilimuBukoba

Mzee Mungu akulipe. Nimesoma nikiwa kazini nikashindwa kuendelea.

Dada, mimi nilisilimu nikiwa na miaka 22. Watu walionizunguka waliniambia nikate mguu nyumbani mpaka imani ikomae, na mimi nilikuwa na moto wa mtu mpya, nikakata. Miaka minne. Baba alipiga simu sikupokea, mdogo wangu alikuja mpaka geti la nilipopanga nikamwambia arudi. Baba alikufa na kisukari. Nilifika siku ya tatu, migomba imeshakatwa kwa ajili ya wageni, na shangazi yangu akaniuliza mbele ya watu wote hiyo dini inakufundisha nini. Sikuwa na jibu. Aya za Luqman nilikuja kuzisoma baadaye. Zilikuwepo siku zote.

Mchukue mama. Nenda mwenyewe, usitume mtu.

MamaSwaleh

Niongeze ya jikoni maana wanaume wanayasahau. Wakwe zangu ni Wakristo wa Muheza, tunaishi vizuri. Ukienda Kibosho ukala kwao, chakula chao halali, uliza tu nyama imechinjwa vipi. Sufuria iliyopikiwa kitimoto kwa madhehebu yetu huoshwa mara saba, moja kwa maji ya udongo. Mimi nikienda nabeba sufuria yangu na sijawahi kumwona mtu akikasirika, wao wenyewe wananitengea. Mbege, ile pombe ya ndizi, mwambie kaka asilete, mama mwenyewe kwa presha hiyo hatakiwi kunywa.

Rozari muachie mkononi. Chumba cha uani ni chake. Sebuleni msitundike picha, chumbani kwake asibughudhiwe. Watoto waelezwe kwamba bibi anasali hivi na sisi tunaswali hivi, wataelewa. Wanangu walielewa wakiwa na miaka mitano.

Abu_Salma

Mzee, nimefuatilia dalili zako moja moja. Kwa mama kuja na kutunzwa narudi nyuma, nilikosea kusema pesa inatosha. Hadithi ya Asmaa naijua, sikuwahi kuiweka mahali pake. Dada nisamehe kama nilikuongezea uchungu. Ila jumuiya kuja kusalia ndani ya nyumba ya Mwislamu bado sikubaliani nalo, na kumpeleka kanisani pia. Hapo naomba mzee ufafanue.

MzeeWaChumbageni

Umefanya uungwana, mwanangu, na swali lako ni la haki. Wanazuoni wametofautiana kweli. Wapo wa madhehebu ya Imam Malik walioruhusu mtoto kumwongoza mzazi wake kipofu mpaka kanisani, na wapo waliokataza kwa kuona ni kusaidia ibada isiyokuwa yetu. Siwezi kumfunga binti kwa kauli moja humu. Amuulize sheikh anayeijua familia yake, na mume wake awe mbele, kwa kuwa nyumba ni yao wawili. Ila padre kumtembelea mgonjwa chumbani kwake, hilo nisingelizuia. Mtume alimtembelea kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimhudumia alipougua, na baba wa yule kijana hakufunga mlango. Al-Hajj aya ya 40 inayataja makanisa na mahekalu pamoja na misikiti kuwa ni mahali ambapo Mungu amezuia pasibomolewe. Tutawezaje kuona karaha mzee mmoja akijitayarisha kukutana na Mola wake?

MkatolikiWaSame

Binti, kama jumuiya ni tatizo, parokia za Tanga zinapeleka komunyo kwa wagonjwa majumbani. Ni padre mmoja au mhudumu, dakika kumi na tano, anaondoka. Na siku za jumuiya jirani Mkristo anaweza kumchukua kwa kiti cha magurudumu. Mwambie kaka yako asome uzi huu. Mimi nimeshamtumia binamu yangu.

BintiWaKibosho

Nashindwa niwashukuruje. Nimesoma yote mara mbili na jana usiku nikampa simu mume wangu naye asome. Alikaa kimya, akaniuliza kwa nini nililia peke yangu siku zote hizi. Asubuhi akampigia mama mwenyewe. Akamwambia, "Shikamoo mama. Rozari yako njoo nayo, na padre tutamtafuta. Na Mungu akipenda kukuchukua, tutakurudisha Kibosho ukalale pembeni ya baba." Mama hakujibu kwa muda mrefu. Halafu akauliza kama chumba kina dirisha, maana amezoea kuona migomba. Kina dirisha, ila kuna mwembe tu.

Kaka amesoma. Ameandika kwamba atakuja naye mpaka Tanga, akae siku tatu aone. Nimemwambia karibu. Jumuiya mume wangu ataongea na sheikh Ijumaa, nitakubali atakachotuelekeza. Dada wa darsa nitamwendea kwake, nimpe hadithi ya Asmaa, si mbele ya watu.

Daktari karuhusu, tunasafiri Jumamosi ya wiki ijayo kwa gari la kukodi ili tusimame kila atakapochoka. Nesi_Bombo, naomba uniambie vile vitanda vya kunyanyuka upande wa kichwani fundi seremala anaweza kutengeneza, au lazima ninunue cha hospitali?