Mada: Kadi ya WIC imekataa chipsi za tortilla. Na chipsi za El Milagro, Ohio zinapatikana wapi?

Mama Wawili, Columbus:
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Tangu tuhame Chicago sijatulia. Leo kadi ya WIC (ule msaada wa chakula kwa wajawazito na watoto wadogo) imepitisha tortilla laini za mahindi, zile chapati za Kimexico, chipsi za tortilla ikazigomea, foleni yote inanitazama. Nikapiga simu kliniki, aliyepokea akaniambia VOC yangu, ile karatasi ya kuhamisha WIC kutoka jimbo jingine, ina kasoro, niilete upya. VOC inahusikaje na chipsi? La pili ndilo linaloniuma zaidi: nani ameziona El Milagro huku? Zile nene, ukichotea maharage hazikatiki. Ninazokutana nazo huku ni nyembamba kama karatasi na chumvi tele.

Mzee wa Houston:
Marahaba mwanangu. Lipia kwa EBT, chipsi zinapita bila maneno. Wanangu wote wamekulia hapa na hatukuwahi kukataliwa.

Mdau, Minneapolis:
Mzee wangu, kwa heshima zote, usimpoteze dada. EBT ni kadi tu ya kulipia, unayoisema wewe ni SNAP, msaada wa chakula kwa wenye kipato kidogo. WIC inalipia kilichomo kwenye APL, orodha ya bidhaa zilizoidhinishwa na jimbo, basi. Tortilla laini ziliingia na mabadiliko yaliyoanza kutumika 2009, fungu moja na mkate wa ngano isiyokobolewa na mchele wa kahawia. Chipsi hazimo, hata ungebaki Illinois. VOC ni jambo jingine: kama muda wake haujaisha, hawatakiwi kuanza kukuhoji kipato upya. Omba msimamizi, usibishane na wa mapokezi.

Dada wa Tacoma:
Wenye I-485 (ombi la green card) mezani kaeni mbali na hizo kadi! Kuna mtu namfahamu ameambiwa atahesabiwa mzigo kwa serikali.

Mdau, Minneapolis:
Ameambiwa na nani? Kanuni iliyoanza Desemba 2022 haikuhesabu WIC wala SNAP. Serikali kuu inabadilika, kweli, kwa hiyo aulize wakili wake. Ila tusitishane. Kuna kina mama wajawazito wameacha maziwa na mayai kwa maneno kama haya.

Dada wa Tacoma:
Sawa, nimekuelewa, lakini punguza ukali. Kuhusu chipsi, huku watu hawasikii la mtu kwa Juanita's, zinatoka Hood River, Oregon. Kama mahindi yanakusumbua wewe au mtoto, jaribu Siete, zina unga wa muhogo. Muhogo wetu huu huu!

Nesi, Maryland:
Za muhogo ni tamu, ila si chipsi za mahindi, tusimchanganye. Mama Wawili, geuza mfuko usome nyuma: mahindi, mafuta, chumvi, chokaa ya chakula. Orodha ikiwa ndefu, rudisha. Hiyo chokaa ndiyo kazi yote. Mahindi yanachemshwa nayo, yanalala humo usiku, yanaoshwa, ndipo yanasagwa. Ganda linatoka, harufu ile inakuja, na vitamini B3 iliyofungwa kwenye punje inafunguka. Wamexico walilijua hilo karne na karne. Ulaya walichukua mahindi wakaacha chokaa, na pelagra, ugonjwa wa kukosa B3, ikawamaliza maskini wa Italia kaskazini, baadaye na wa kusini mwa Marekani.

Mzee wa Houston:
Sisi mbona tumekula ugali bila chokaa na tuko hai?

Nesi, Maryland:
Kwa sababu mzee ulikula na dagaa, maharage na mchicha. Ugali mtupu kila siku ungetuambia mengine.

Mzee wa Houston:
Hapo umenigusa. Marehemu mama alikuwa akipika makande usiku kucha kwa moto wa kuni, asubuhi tunayala yakiwa yamepoa. Sijapata ladha ile popote hapa. Na huko nyumbani mahindi yenyewe vijana wanauza kwa walanguzi kabla hayajakauka, serikali inatazama.

Mdau, Minneapolis:
Mzee, siasa tuzifungulie uzi wake.

Kaka wa Dayton:
Nimesoma nusu tu. Hizo nene mkizipata Columbus nitajieni duka, Jumamosi naja huko kubadili leseni ya udereva ofisi ya BMV.