Maneno ya Kiingereza yanayoanza na X: nianzie wapi?

Mwanafunzi, Bukavu: Ndugu zangu, nasoma biolojia, na vitabu vingi ninavyovipata ni vya Kiingereza, ambamo maneno yanayoanza na X hunisumbua kwa tahajia na kwa matamshi. Je, niyakariri moja moja?

Jibu, Lubumbashi: Hapana, ndugu yangu. Mengi yametoka katika Kigiriki, kwa hiyo shika kwanza mizizi mitatu: xeno ni mgeni, xylo ni mti au ubao, xero ni ukavu. Ukiishika, utaitambua xylem, yaani tishu inayopandisha maji kutoka ardhini hadi majanini, na utaielewa xerophyte, mmea unaostahimili ukame, hata kabla ya kufungua kamusi. Xenon nayo, gesi iliyogunduliwa na Ramsay na Travers huko London mwaka 1898, ilipewa jina hilo la ugeni.

Jibu, Goma: Naongeza matamshi, kwa kuwa hapo ndipo Kifaransa chetu cha shuleni kinapotuponza. Tumezoea kuanza xylophone kwa sauti ya "ks" au "gz", ilhali Waingereza hutamka "zailofoni", X ya mwanzo ikisikika kama Z. X-ray haifuati kanuni hiyo, maana pale herufi hutajwa kwa jina lake, "eksi". Tafadhali yasome kwa sauti, mwenzangu, usiyaandike tu daftarini.