Nimeuziwa picha ya Lettow-Vorbeck "iliyosainiwa vitani 1917", muuzaji hataki kurudisha hela

Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka.

Nakusanya picha za maofisa wa Kijerumani waliopigana huku kwetu Vita ya Kwanza ya Dunia. Babu mzaa babu yangu alibebeshwa mizigo ya jeshi hilo na hakurudi, na sura za waliokuwa wakitoa amri nataka kuzitazama mwenyewe. Mwezi uliopita nikamlipa muuzaji mmoja wa Ujerumani euro 420 kwa picha ya kamanda wao mkuu huku. Tangazo lake: Paul von Lettow-Vorbeck, sahihi yake halisi, Mahiwa, Oktoba 1917, yaani kwenye yale mapigano makubwa ya huko Lindi. Akaonyesha uso na sahihi tu, katikati amekata.

Imefika, nimeona alichokuwa akikificha. Shingoni kuna Pour le Mérite, nishani ya juu ya kijeshi ya Prussia! Nishani hiyo alitunukiwa Novemba 1916 akiwa porini, na habari yenyewe aliletewa kwa barua na adui yake, Jenerali Smuts. Meli ya mwisho kumfikishia shehena, Marie, ilitia nanga Sudi Machi 1916. Lile puto kubwa la kijeshi, L59, lilitumwa kumpelekea vifaa Novemba 1917, baada ya Mahiwa, na likageuzia juu ya Sudan. Hiyo nishani ilimfikia Mahiwa kwa njia ipi?

Na sahihi ni ya bolpeni! 1917! Nikaimulika kwa taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, karatasi ikawaka buluu. Ni ile dawa ya kung'arisha karatasi za picha iliyoenea miaka ya 1950. Mkono unaweza kuwa wake kweli, maana aliishi hadi 1964. Lakini mzee wa miaka themanini na kitu anayesaini kwa utulivu huko kwao sicho nilicholipia. Mahiwa waliuawa na kujeruhiwa maelfu ndani ya siku nne, waafrika wetu wamo, halafu mtu analibandika jina hilo kwenye karatasi ili bei ipande. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata hela.

Nimemwandikia mara tatu. Jibu lake: kitu kikishauzwa hakirudi, na "ya vitani" alimaanisha mtu aliyepigana vita. Na ile tarehe aliyoiandika je? Hapo kimya.

Kabla ya kulipa dai picha nzima, mbele na nyuma. Na aliyewahi kurudishiwa hela kupitia benki kwa kesi kama hii anielekeze tafadhali, muda wangu wa kupinga malipo unaisha Ijumaa.